4000D, 2000D, D3500 au 250D: kuchagua DSLR ya kwanza kwa kazi unayoifanya

Ukiulizia DSLR ya kwanza (kamera yenye kioo cha ndani na lenzi ya kubadilisha) dukani, kitu cha kwanza kutajiwa ni megapikseli. Canon 2000D ina 24.1, Nikon D3500 ina 24.2, Canon 250D ina 24.1. Hakuna mteja wa harusi wala wa pasipoti atakayeiona tofauti hiyo, hata picha ikichapwa kwa ukubwa wa A3. Mambo yanayozitofautisha kweli hayaandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi: sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) inavumilia kiasi gani ukiinua sehemu za giza za picha, lenzi zipi zitafokasi zenyewe, tundu la maiki lipo au halipo, na flashi uliyoidunduliza miezi mitatu itawaka au itakaa kimya.

Nitazungumzia Canon na Nikon peke yake, mpya na za mtumba, kwa sababu ndizo zenye lenzi, betri na mafundi kwa wingi, iwe Kariakoo, Dar, au Luthuli Avenue, Nairobi. Pentax K-70 ya mwaka 2016 ni bora kuliko nyingi nitakazozitaja, ina kinga ya vumbi na matone ya maji na kitulizo cha mtikisiko ndani ya bodi yenyewe (kamera bila lenzi), lakini siku utakapotaka lenzi ya pili utaagiza nje na kusubiri. Sony waliachana na A-mount, mfumo wao wa lenzi wa kamera za aina hii, mwaka 2021, hizo ziache.

Jambo moja lijulikane mapema. Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya tangu 2020, nguvu zao zote zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Kwa anayeanza na bajeti ndogo hilo ni neema: wenye pesa wanahama, bodi na lenzi nzuri zinashuka sokoni. Na lenzi hazitakufa pamoja na bodi. Lenzi za Canon EF na EF-S hufanya kazi kwenye bodi mpya za Canon zisizo na kioo (RF) kwa adapta, fokasi ikiwemo. Za Nikon za AF-S hufanya hivyo kwenye bodi zao mpya za Z kwa adapta ya FTZ.

Kamera moja, majina matatu

Kabla ya kulinganisha chochote, jua unalinganisha nini. Canon huipa kamera moja majina tofauti kwa masoko tofauti, na mtumba wa kwetu hutoka kila kona. 2000D ndiyo Rebel T7 ya Marekani, ndiyo 1500D ya Asia, ndiyo Kiss X90 ya Japani. 4000D ndiyo Rebel T100 na 3000D. 1300D ndiyo Rebel T6 na Kiss X80. 600D ndiyo T3i na Kiss X5.

Mtego upo kwenye herufi ndogo. T7 ni 2000D, lakini T7i ni 800D, kamera ya daraja la juu zaidi yenye pointi 45 za fokasi, skrini ya kugusa inayogeuka na tundu la maiki. Kiss X7i ni 700D, lakini Kiss X7 bila i ni 100D, bodi ndogo yenye skrini isiyogeuka. Na 200D ya mwaka 2017 si 200D II: hiyo ya pili ndiyo 250D ya mwaka 2019. Muuzaji anaweza kukosea kwa nia njema kabisa, au akanyamaza kwa sababu kosa linampa faida. Soma jina lililochapwa kwenye bodi na ulitafute mwenyewe kwenye simu pale pale. Bodi ya Japani ifungue menyu uhakikishe lugha unayoijua imo. Nikon hawana usumbufu huu: D3500 ni D3500 popote.

Nne zinazotajwa sana

4000D sishauri mtu ainunue, mpya wala mtumba, labda apewe. Sensa yake ni ile ya megapikseli 18 ambayo Canon wameizungusha kwa miaka mingi. Hiyo peke yake isingekuwa dhambi. Shida ni walivyopunguza kwingine. Mdomo wa kufungia lenzi ni wa plastiki. Skrini ni inchi 2.7 yenye nukta 230,000, kwa hiyo ukikuza picha kuangalia kama jicho limekaa kwenye fokasi, huoni kitu. Hakuna gurudumu la kurekebisha kioo cha kuchungulia kulingana na macho yako, na anayevaa miwani ataliona pengo hilo siku ya kwanza. Mara nyingi huuzwa na lenzi ya 18-55mm III isiyo na kitulizo cha mtikisiko. 1300D ya mwaka 2016, iliyotumika lakini nzima, inaishinda: ina mdomo wa chuma na skrini ya nukta 920,000.

2000D ni kamera ya haki. Ina Wi-Fi, inapiga picha 3 kwa sekunde, pointi 9 za fokasi, na ni ile ya katikati tu iliyo makini gizani. Usiku ukumbini tumia hiyo ya katikati. Betri yake, LP-E10, hupiga takriban picha 500 kwa kipimo cha viwandani, kwa hiyo shughuli ya siku nzima inahitaji betri mbili. Ukiipata na 18-55mm yenye herufi IS, umeanza vizuri. Herufi hizo zisomeke kwenye pete ya lenzi yenyewe. Boksi linaweza kuwa la lenzi nyingine.

D3500 ya mwaka 2018 ndiyo chaguo langu kwa picha mnato. Bodi yake pamoja na betri na kadi ni gramu 415, inapiga picha 5 kwa sekunde, na betri moja hufika picha 1,550 kwa kipimo hicho hicho, mara tatu ya 2000D. Sensa yake ndiyo sababu kubwa, nitaieleza chini. Kasoro zake ni tatu na uzikubali kabla ya kulipa: haina tundu la maiki, skrini haigeuki wala haiguswi, na kutuma picha kwenye simu hutumia Bluetooth peke yake, kwa hiyo picha zinakwenda polepole. Kuna pengo jingine linalowahusu wanaopiga picha za nyumba za kupangisha: haiwezi kupiga yenyewe picha tatu mfululizo kwa mwanga tofauti ili uziunganishe baadaye. 2000D inaweza.

250D ni ya anayetaka video na picha kwa pamoja. Kwenye skrini hufokasi kwa mfumo wa Dual Pixel, yaani sensa yenyewe inajua fokasi iende mbele au nyuma, na haihangaiki huku na huko kama D3500 au 2000D zinavyofanya ukirekodi. Skrini inageuka kukutazama, maiki inachomekwa. Ina 4K, lakini usiinunue kwa ajili hiyo: ukirekodi 4K picha inakatwa pembeni na Dual Pixel inazimika. Kaa kwenye Full HD, ndiko inakong'aa.

Nguo nyeupe, ngozi nyeusi, jua la saa saba

Wapitiaji wengi wa kamera huzijaribu kwa mwanga laini wa nchi za baridi na ngozi nyeupe. Kazi yetu ni nyingine. Bibi harusi amevaa shela jeupe pe, bwana harusi suti nyeusi, nyuso zao ni za rangi ya kahawa, na jua liko utosini. Kamera ikipima mwanga kwa kuangalia shela, nyuso zinazama gizani. Ikipima kwa suti, shela linaungua na kuwa karatasi tupu isiyo na darizi hata moja, na darizi zilizoungua hazirudi kwa programu yoyote.

Njia salama ni kupiga RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata), kulinda shela lisiungue, halafu kuinua nyuso kwenye kompyuta. Anzia punguzo la theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), uangalie histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, isigonge ukuta wa kulia. Hapo ndipo sensa zinapoachana. Ukiinua giza la picha ya 1300D au 4000D kwa stopu mbili, chembechembe za zambarau zinajitokeza kwenye mashavu na mistari ya mlalo kwenye suti. 2000D ni nafuu kidogo tu. Sensa ya D3200, D3300, D3400 na D3500, iliyopigwa kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), inainuliwa stopu mbili hadi tatu na ngozi inabaki ngozi. 200D na 250D ziko karibu nazo. Ukipiga JPEG tu na kumpa mteja siku hiyo hiyo, tofauti hii hutaipata yote, lakini washa Active D-Lighting kwenye Nikon au Auto Lighting Optimizer kwenye Canon. Zote huinua giza kidogo ndani ya kamera.

Watu wa studio ya pasipoti, msiipe aya hiyo uzito. Mwanga wenu mnautengeneza wenyewe, na 1300D itawahudumia miaka.

Lenzi inabadilisha picha kuliko bodi

Lenzi ya 18-55mm ikivutwa hadi mwisho hufunguka f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Maana yake ukumbini ni hii: pale ambapo ile ya kwanza inakulazimisha ISO 6400 kwa kasi ya 1/125, ya pili inakupa takriban ISO 640 kwa kasi ile ile. Hakuna bodi ya bei ya kuanzia itakayokupa ruka hilo. Kwa hiyo bodi ya mtumba na lenzi ya f/1.8 ni ununuzi bora kuliko bodi mpya yenye lenzi ya boksi peke yake, na hapa sina shaka hata kidogo.

Lakini pima chumba kwanza. Sensa za bodi hizi ni ndogo kuliko filamu ya zamani, hivyo 50mm kwenye Canon inaona kama 80mm. Kumweka mtu mzima kuanzia kichwani hadi viatuni, kamera ikiwa wima, na nafasi kidogo juu na chini, unahitaji zaidi ya mita 4 kati yako naye. Studio nyingi za mtaani hazina mita hizo. Kwa 35mm kwenye Nikon unahitaji karibu mita 3, kwa 24mm kwenye Canon mita 2 hivi. Ndiyo maana Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G ni lenzi ya kwanza nzuri sana kwa chumba cha kawaida. Upande wa Canon ipo EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama biskuti, ingawa haifunguki sana. Kwa nyuso na pasipoti, EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 haina mpinzani kwa bei yake. Ile ya zamani, 50mm f/1.8 II, ina mdomo wa plastiki na fokasi yake inakwaruza. Inunue ikiwa bei ni ndogo kweli.

Nikon wana mtego unaowaumiza wanaoanza. Bodi za familia za D3000 na D5000, kama D3500 na D5600, hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ikiandikwa AF au AF-D, bila S, itafunga vizuri, picha itapigwa, ila fokasi utazungusha kwa mkono daima. Tafuta AF-S au AF-P. Na AF-P nayo ina masharti: D3100 na D3200 haziwezi kuifokasi kabisa, D3300 inahitaji programu yake ya ndani iwe imesasishwa. Kwa hiyo ukiona D3200 mezani imefungwa lenzi ya AF-P 18-55mm, muuzaji amebandika lenzi ya bodi nyingine. D7000 na D7100 zina mota ndani na hupokea zote za AF-D. Kama umerithi lenzi za zamani, tafuta hizo.

Kwa Canon kumbuka alama mbili za mdomoni. Nukta nyekundu ni EF, mraba mweupe ni EF-S. Bodi zote za kuanzia hupokea zote mbili. Ukija kuhamia DSLR ya sensa kubwa kama 6D, za mraba mweupe hazitafunga. Ile EF 75-300mm III inayouzwa kama zawadi pamoja na bodi iache hapo hapo: haina kitulizo, na kwenye 300mm picha ni laini kama imepigwa kupitia chandarua. EF-S 55-250mm IS STM ndiyo ya kutafuta.

Video na tundu la maiki

Sauti mbovu inamfukuza mtazamaji mapema kuliko picha mbovu. Zisizo na tundu la maiki: 1100D, 1200D, 1300D, 2000D, 4000D, D3400, D3500. Zenye tundu: 550D, 600D, 700D, 200D, 250D, D3200, D3300, D5300, D5600. Inashangaza lakini ndivyo ilivyo, D3300 ya mwaka 2014 inalo na ndugu zake wadogo walinyimwa. Kama tayari unayo D3500, rekodi sauti kwa simu iliyo mfukoni mwa msemaji na maiki ya kola, piga kofi moja mwanzoni mbele ya kamera, uzilinganishe baadaye kwenye programu.

Umeme wa kwetu ni wa hezi 50. Taa za mirija na LED nyingi za bei ndogo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyotoka Marekani au Japani huja imewekwa NTSC, mfumo wa video wa fremu 30 kwa sekunde, na ukirekodi chini ya taa hizo mistari ya giza itapanda na kushuka ukutani. Ingia menyu, badili kuwa PAL, rekodi fremu 25 kwa kasi ya 1/50. Hapo mistari hutulia.

Kikomo cha kurekodi mfululizo hakizidi dakika 29 na sekunde 59, na kwenye Canon nyingi za hizi faili hukatwa likifika GB 4, kuanzia takriban dakika 12 za Full HD. Anayerekodi ibada au kongamano apange mahali pa kukatia na kuanza upya kabla kamera haijamkatia yenyewe.

Pini ya katikati

Hili limewaharibia watu kazi siku ya harusi. Kiatu cha flashi juu ya kamera kina vituo vya shaba, kimoja kikubwa katikati na vidogo pembeni. Hicho cha katikati, yaani pini, ndicho kinachowasha flashi za kampuni nyingi. Canon walikiondoa kwenye 2000D, 4000D na 250D. Matokeo yake flashi za kurekebisha kwa mkono kama Yongnuo YN560 na Godox TT600, ambazo hutegemea pini hiyo peke yake, haziwaki zikichomekwa juu ya bodi hizo. Triga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) za bei rahisi nazo vilevile. Flashi za Canon zenyewe huwaka. Triga za Godox za toleo la Canon zihakikishwe zina programu mpya, na zijaribiwe juu ya bodi yako, dukani, kabla ya kulipa.

1300D, 700D, 200D na Nikon zote hizi zina pini hiyo. Kama mpango wako ni studio ya mataa mawili matatu ya bei ndogo, jambo hili peke yake linatosha kukuchagulia kati ya 200D na 250D.

Kukagua ya mtumba

Nenda na kadi yako ya SD, tochi ndogo, karatasi nyeupe na laptopu ikiwezekana. Mchana, si jioni.

Anza na chini ya bodi. Skrubu zenye kutu na shaba ya kiatu cha flashi iliyoingia kijani ni dalili ya chumvi ya bahari au maji. Kamera iliyofanya kazi ufukweni Mombasa au Unguja bila kufutwa huoza ndani polepole, na fundi hawezi kukuhakikishia itaishi mpaka lini. Nikiona kutu naondoka hata kama inapiga.

Vua lenzi. Tochi ipite upande mmoja wa lenzi, jicho upande wa pili, kwa pembe. Vumbi la nukta nukta si tatizo. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazoanzia pembeni ni fangasi, na fangasi huendelea kula rangi ya kioo mpaka ibaki kovu. Angalia pia meno ya dhahabu ndani ya mdomo wa kamera, yote yasimame sawa na yarudi ukiyabonyeza kwa ncha ya mti wa kiberiti.

Rudisha lenzi, weka Av (A kwenye Nikon, hali ya kuchagua namba ya f mwenyewe), piga f/3.5 kwenye 18mm, kisha f/11. Kama ya kwanza inakubali na ya pili inatoa Err 01, waya bapa wa apacha (tundu la lenzi linalofunguka na kufumba) ndani ya lenzi umekatika. Ni ugonjwa unaojulikana wa lenzi za 18-55mm zilizochoka. Bodi inaweza kuwa nzima kabisa, kwa hiyo punguza bei ya lenzi yote kwenye mazungumzo.

Sasa weka kasi ya juu, 1/4000, upige ukuta mweupe wenye mwanga mkali. Ukanda mweusi juu au chini ya picha ni pazia la shata linaloburuta. Halafu f/22 kwenye karatasi nyeupe, lenzi ikiwa nje ya fokasi, ukuze picha utafute madoa ya kijivu: hilo ni vumbi juu ya sensa. Bodi za Canon za tarakimu nne zilizotajwa hapa, pamoja na D3400 na D3500, hazina kitikisa vumbi cha ndani, hivyo madoa ni ya kawaida na husafishwa. Mikwaruzo haisafishwi. Mwisho weka kifuniko cha lenzi, ISO 1600, sekunde 1. Nukta moja mbili za rangi ni sawa, mfano wa anga la nyota si sawa.

Idadi ya picha zilizopigwa ndiyo kilomita za gari. Shata za daraja hili hutarajiwa kufika kama 100,000. Kwenye Nikon namba hiyo imeandikwa ndani ya kila JPEG, toa picha moja na uisome kwa programu ya kusoma taarifa za picha. Kwenye Canon za kuanzia haiandikwi kwenye picha, inahitaji kompyuta, waya wa USB na programu maalumu. Kwa hiyo anayekwambia 1300D yake imepiga 5,000 tu bila kukuonyesha, bado hajakwambia kitu. Angalia mpira wa mshikio, rangi ya kitufe cha shata na pembe za skrini, hivyo havidanganyi.

Jaribio la fokasi wengi hulisahau. Tandika gazeti mezani, kamera kwa pembe ya nyuzi 45, lenzi ya 50mm au 35mm ikiwa f/1.8, ulenge mstari mmoja kwa pointi ya katikati kupitia kioo cha kuchungulia, mara tano. Rudia kwa skrini. Kama skrini inapiga mstari wenyewe na kioo kinapiga mstari wa nyuma au wa mbele kila mara, kioo cha ndani au lenzi imehama. Bodi za kuanzia hazina menyu ya kurekebisha hilo. Ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na wachache wanavyo.

Ukiwa unachungulia, kumbuka pia kwamba kioo cha bodi hizi huonyesha asilimia 95 tu ya picha. Pembeni kutaingia kitu ambacho hukukiona, mara nyingi mkono wa mpiga video.

Kadi feki nazo zimejaa. Kadi ya GB 64 iliyoandikwa upya huku ndani ina 8 itakubali picha zote, kisha picha zitakazozidi zitafunguka kijivu. Ijaze kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux kabla haijaingia kazini. Kwa bodi hizi kadi mbili za GB 32 ni bora kuliko moja ya 64, kwa sababu zote za kuanzia zina tundu moja la kadi na kadi ikifa imekufa na harusi ya mtu.

Ukishafika nayo nyumbani

Kwa wa Tanga, Dar, Mombasa, Lamu na visiwani, adui ni unyevu. Begi la ngozi lililofungiwa kabatini ni shamba la fangasi. Tumia boksi la plastiki lenye mpira wa kubana mfuniko, weka silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu, uweke kati ya asilimia 40 na 50. Silika ya kubadilika rangi ikishajaa maji, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, kisha irudishe. Ukitoka ukumbi wenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa nusu saa kabla ya kuitoa. Ukiitoa mara moja umande utaganda juu ya kioo, na usiifute wala usivue lenzi mpaka ukauke wenyewe.